Umeombwa utoe mada kuhusu programu za mawasiliano kazini? Anzia hapa

Kila ukiisha mkutano wa watu wa TEHAMA hapa Dar, naanza kupokea ujumbe wa aina ileile. "Kaka, nimepewa dakika thelathini niongelee Slack, naanzaje?" "Nionyeshe Teams au Zulip?" "Nikiwa jukwaani intaneti ikakata?" Nimewajibu watu kwa sauti za WhatsApp za dakika saba saba mpaka nimechoka, na nadhani wao pia wamechoka kuzisikiliza. Haya, yote nayaweka hapa.

Nikisema programu za mawasiliano kazini namaanisha Slack, Microsoft Teams, Viva Engage (ile iliyoitwa Yammer), Mattermost, Zulip na wenzao. Ni mahali ambapo wafanyakazi wanaongea, wanapeana hati, wanauliza na kujibiwa mbele ya wote wanaohusika. Na mikutano ninayoisema ni ile ya kujitolea: DevFest (zile za watengeneza programu), mikusanyiko ya jioni, Jumamosi za kujifunza. Posho hakuna. Ukibahatika kuna maji na sambusa.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Kompyuta yako mwenyewe, siyo ya kuazima asubuhi ileile.
- Adapta ya HDMI, na ya VGA kama unaweza. Projekta za kumbi zetu zina umri mbalimbali.
- Simu ya Android na waya wake wa USB (nitaeleza kwa nini).
- Bando la kutosha kwenye simu, na ikiwezekana laini ya mtandao wa pili.
- Wiki tatu. Wiki moja inatosha kutengeneza slaidi, haitoshi kutengeneza mada.
- Mtu mmoja asiyefanya kazi ya kompyuta, atakayekubali kukusikiliza.

Hatua ya 1: Tafuta kazi moja iliyokwama

Programu iache kwanza. Tafuta kazi ya kweli iliyokwama kwa sababu taarifa haikumfikia mtu kwa wakati. Hapa ndipo mada inapofia au kupona, kwa hiyo usione uchungu kutumia siku tatu.

Mimi hutumia ofisi ya wakala wa forodha, maana ukumbi wowote wa Dar hukosi mtu mwenye ndugu bandarini au Kariakoo. Ofisi ina watu 35 na grupu moja la WhatsApp. Saa tatu asubuhi dereva anatuma picha ya hati ya kontena. Saa tatu na dakika nne anatangazwa msiba wa mjomba wa mhasibu. Zinamiminika pole, mikono ya kuomba, "tangulia mzee wetu", halafu orodha ya michango inayonakiliwa upya kila mtu anapojiongeza jina. Saa nane mchana dada wa malipo anauliza, "Jamani ile hati iko wapi?" Hajibiwi, kwa sababu kila mmoja anadhani mwenzake keshajibu. Kesho yake siku za bure zinaisha, kontena ipo palepale, na gharama ya kuhifadhi inaanza kuhesabiwa.

Simulia hivyo, uone vichwa vinavyotikisika kabla hujafungua hata kompyuta. Hakuna aliyekosea pale. Dereva alituma, watu waliomboleza kama inavyopasa. Shida ni kwamba msiba, mchango na kontena vimepikwa sufuria moja.

Tafuta cha kwako: shule, duka la vipuri, SACCOS, zahanati. Ukikosa, waulize watu watano swali hili: "Mara ya mwisho kutafuta ujumbe wa kazi zaidi ya nusu saa ilikuwa lini?" Utajaza daftari.

*Angalizo:* kisa cha ofisini kwako kibadilishe sura kabisa. Bosi wako anaweza kuwa amekaa mstari wa tatu.

Hatua ya 2: Chagua programu moja, ujue inapoishia

Moja tu. Mada ya kulinganisha programu tano ni mada ya jedwali, na jedwali halijawahi kumfanya mtu abaki macho.

Kama ukumbi umejaa watu wa kampuni zinazolipia Microsoft 365, chagua Teams, kwa sababu tayari wanayo, hawaitumii tu. Kama ni ofisi ndogo zisizo na bajeti, onyesha Slack ya bure au Zulip. Kama ni watu wa seva na mitambo, watakuuliza Mattermost hata usipoitaja.

Mipaka uijue kwa tarakimu. Slack ya bure inakuonyesha ujumbe wa siku 90 zilizopita. Utaratibu huo ulianza 2022, kabla ya hapo hesabu ilikuwa jumbe 10,000. Maana yake, ukimwahidi mtu kwamba atatafuta mazungumzo ya mwaka jana bila kulipa, umemdanganya. Mattermost na Zulip unaweza kuziweka kwenye seva yako mwenyewe, lakini seva ni kama ng'ombe: inataka mtu wa kuiamkia. Nani atafanya nakala rudufu? Nani atasasisha? Sema hivyo jukwaani, usingoje kuulizwa.

Kwa kisa cha kontena mimi huchagua Zulip. Ndani ya kila chaneli, kila ujumbe una kichwa chake, na kichwa kinaweza kuwa namba ya kontena. Kazi ikiisha, kichwa kinawekewa alama ya vema kwamba jambo limemalizika. Mtu wa forodha anaelewa hilo kabla hujalieleza mara ya pili.

Hatua ya 3: Historia, dakika mbili basi

Uijue ili ujibu maswali, usiihubiri. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko wengi wetu: Lotus Notes, programu ya wafanyakazi kupeana ujumbe na hati, iliingia sokoni 1989. Mwaka 2006 mtafiti Andrew McAfee aliandika makala iliyolipa vuguvugu hili jina la "Enterprise 2.0", yaani zana za mtandao wa kijamii kuingia ofisini. Yammer ikaanza 2008, na 2012 Microsoft ikainunua kwa dola bilioni 1.2. Slack ilitangazwa 2013, ikitoka kwa kampuni iliyokuwa inatengeneza mchezo wa kompyuta uliofeli. Kile walichojitengenezea ili wawasiliane wao kwa wao ndicho kilichowatoa. Teams ilikuja 2017.

Habari ya kubeba mfukoni ni ya Workplace, programu ya aina hii ya Meta, wenye Facebook. Mei 2024 walitangaza kuifunga, na kuanzia Septemba 2025 waliokuwemo wakabaki kusoma na kupakua tu. Mtu akikuuliza "kesho hiyo kampuni ikifunga duka?", una mfano hai, na jibu lake ni swali la kwanza la kuuliza kabla ya kuhamia popote: naweza kutoka na mazungumzo yangu?

Hatua ya 4: Andika muhtasari wa kutuma kwa waandaaji

Muhtasari mwingi ninaousoma unaanza hivi: "Umuhimu wa mawasiliano ya kisasa katika kuleta mageuzi ya kidijitali mahali pa kazi." Mwandaaji ana maombi sitini mbele yake. Hilo analiruka.

Andika hivi:

"Hati ya kontena ilizikwa chini ya pole za msiba. Tutachukua grupu la WhatsApp la ofisi ya watu 35, tuhamishe kazi moja kwenda Zulip mbele yenu, kisha tuone kipi kibaki WhatsApp na kwa nini. Huhitaji kujua kuandika programu. Ukitoka hapo utaweza kufungua chaneli tatu za kwanza za ofisi yako."

Kuna kisa, kuna kitakachofanyika, kuna anayelengwa, kuna anachoondoka nacho. Ukishindwa kuandika sentensi ya mwisho, rudi hatua ya 1.

Hatua ya 5: Jenga ofisi ya kubuni

Usionyeshe akaunti ya kazini kwako. Kwanza ni siri za watu. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana yao ya 2019, na jina la mteja kwenye ukuta wa ukumbi ni taarifa binafsi kama nyingine. Pili, maisha halisi hayana adabu. Mara yangu ya kwanza nilionyesha simu yangu mwenyewe, na katikati ya maelezo ikashuka arifa ya mwenye nyumba: "Kodi leo tarehe ngapi?" Ukumbi mzima ulisoma. Hadi leo kuna watu wananisalimia kwa maneno hayo.

Fanya hivi:

a) Fungua akaunti mpya ya shirika la kubuni. Weka watumiaji wanne: Dereva, Malipo, Stoo, Meneja. Mpe kila mmoja picha yenye rangi yake, ili mtu wa nyuma atambue anayeongea bila kusoma jina.

b) Fungua chaneli tatu tu: *kontena*, *malipo*, *kijiweni*. Hiyo ya tatu ndiyo ya misiba, harusi na Simba na Yanga. Usiione ya utani. Ofisi isiyokuwa na kijiwe, kijiwe kitahamia kwenye kontena.

c) Jaza jumbe kama arobaini zenye lugha ya kweli. "Mzigo umetoka?" "Bado boss, wanasubiri muhuri." Jumbe za "hapa ni mfano wa ujumbe" zinanuka uongo.

d) Tumia vivinjari viwili: kimoja umeingia kama Dereva, kingine kama Malipo. Vipange kushoto na kulia. Watu waone ujumbe ukitoka upande huu na kutua upande ule.

e) Unganisha simu kwa waya na uionyeshe kwenye kompyuta kwa scrcpy, ambayo ni ya bure. Dereva hana kompyuta. Ukionyesha kila kitu kwenye skrini kubwa, wenye ofisi za kweli watasema moyoni, "hii ya wazungu."

Onyesho lenyewe lisizidi vitendo vinne. Langu: Dereva anatuma picha ya hati kwenye chaneli ya kontena chini ya namba yake. Stoo anakosea, anaandika pole ya msiba hapohapo. Meneja anauhamisha ule ujumbe kwenda kijiweni bila kumgombeza mtu. Malipo anaandika namba ya kontena kwenye kisanduku cha kutafuta, hati inatokea, analipa, anaweka alama ya vema. Basi. Hicho kitendo cha tatu ndicho watu hupiga makofi, na sijui kwa nini, lakini hupiga kila mara.

Hatua ya 6: Rekodi akiba

Onyesho likishakaa sawa, lirekodi video ya dakika tatu bila sauti, uiweke kwenye kompyuta yenyewe na kwenye flashi. Siyo kwenye hifadhi ya mtandaoni, maana video hiyo ni ya siku ambayo mtandao haupo. Piga na picha za skrini za kila kitendo, uziweke mwisho wa slaidi.

Sauti usiweke, ili uongee juu yake kana kwamba unafanya mwenyewe.

Hatua ya 7: Slaidi kumi, herufi kubwa

Herufi nyeusi juu ya nyeupe. Zile slaidi nyeusi zenye maandishi ya kijani zinapendeza chumbani kwako; kwenye ukumbi wenye madirisha bila mapazia saa tano asubuhi ni ukuta mtupu. Kwenye kivinjari bonyeza Ctrl na alama ya kujumlisha mpaka ufike asilimia 150 au zaidi, kisha simama hatua kumi nyuma usome.

Maneno je? Amua mapema. Sema chaneli, uzi (thread), kumtaja mtu, arifa. Vitufe viko kwa Kiingereza, kwa hiyo unapobonyeza taja kilichoandikwa, kisha endelea na Kiswahili chako. Kinachochosha ni mtoa mada anayeanza sentensi kwa lugha moja na kuimalizia kwa nyingine kwa sababu ya woga tu.

Hatua ya 8: Fanya mazoezi kwa sauti, na saa mezani

Ukipewa dakika 30, andaa 22. Tano ni za maswali, tatu zitaliwa na aliyekutangulia.

Msikilizaji wako wa mazoezi awe yule asiyejua kompyuta. Wangu ni shangazi, anauza vitenge. Alinikatiza dakika ya nne: "Sasa huyo dereva akiwa hana bando?" Lilikuwa swali bora kuliko yote niliyopata ukumbini, na lilinilazimisha kuongeza slaidi nzima.

Hatua ya 9: Siku yenyewe

Fika saa nzima kabla. Chomeka kompyuta kwenye projekta watu wakiwa bado hawajaingia. Angalia kama skrini inaonyesha kitu kilekile pande zote mbili au imepanuliwa. Wanaoanza hunaswa hapa, wanabonyeza hewani huku ukumbi ukitazama picha ya mandhari. Zima arifa zote za kompyuta na simu. Ingia kwenye akaunti zote nne mapema, kwa sababu namba ya uthibitisho huja pale usipoihitaji na hukataa kuja unapoihitaji.

Salamu ziwe fupi. Sema itifaki imezingatiwa, uanze na dereva. Nimeona mtu akimaliza dakika sita kuwatambua wageni waalikwa, wadhamini na mlezi wa klabu, kisha akaombwa afupishe.

Hatua ya 10: Maswali utakayoulizwa

Ni yaleyale, kwa hiyo uwe na majibu.

*"Kwani WhatsApp ina ubaya gani?"* Usiitukane, kila aliyemo ukumbini anaitumia. Kwa watu watano inatosha kabisa. Lakini mfanyakazi mpya haikuti historia ya miaka miwili nyuma, na anayeacha kazi anaondoka na hati zote kwenye simu yake. Wateja, familia na mabosi wanakaa namba moja. Grupu linaweza kubeba watu 1,024, ila kubeba na kusikilizana ni vitu viwili.

*"Bando je?"* Swali la shangazi. Mitandao ya simu inauza bando la WhatsApp peke yake kwa bei nafuu. Slack na Zulip zinakula bando la kawaida. Ofisi inayotaka dereva awe kwenye mfumo imlipie. Hakuna njia ya mkato.

*"Bosi atasoma ujumbe wetu wa faragha?"* Jibu kwa ukweli: kwenye baadhi ya mipango ya kulipia, kwa masharti, mwenye akaunti ya kampuni anaweza kutoa nakala hata ya mazungumzo ya faragha. Waambie umbea wa bosi wabaki nao barazani.

*"Tumeiweka, watu hawaandiki."* Jakob Nielsen, mtafiti wa jinsi watu wanavyotumia tovuti, aliandika mwaka 2006 kwamba kwenye jumuiya nyingi za mtandaoni takriban asilimia 90 wanasoma tu, 9 wanachangia kidogo, na 1 ndio wanaobeba sehemu kubwa. Ukimya siyo kufeli. Kufeli ni meneja kuendelea kutoa maagizo WhatsApp huku amewaamuru wengine wahame. Akihama yeye, na hati zikapatikana huko tu, watu wanafuata ndani ya wiki chache.

*"Bei?"* Bei hubadilika. Fungua ukurasa wa bei usiku wa kuamkia siku ya mada, upige picha ya skrini na tarehe ionekane.

Likiharibika jambo

*Umeme umekatika.* Endelea kuongea. Kisa cha kontena hakihitaji projekta. Ndiyo maana ulikijenga kwanza.

*Intaneti imegoma.* Jaribu hotspoti ya simu mara moja. Mara moja tu. Baada ya sekunde thelathini fungua video ya akiba, bila kuomba radhi mara tatu.

*Projekta haioni kompyuta.* Toa waya, washa projekta kwanza, kisha chomeka. Ikigoma punguza ukubwa wa picha hadi 1024 kwa 768. Ikigoma tena, flashi yako iende kwenye kompyuta ya mwandaaji.

*Muda umekatwa nusu.* Ruka historia, ruka slaidi, bakiza kisa na vitendo vinne.

*Amesimama muuzaji wa programu nyingine anahutubia.* Mwache amalize sentensi, mwambie, "Naomba tuonane nje, nipate kujifunza," umtazame mtu mwingine aliyenyoosha mkono.

*Umeulizwa usilolijua.* Sema hujui, chukua namba ya aliyeuliza, umjibu kabla ya Jumatatu. Ukibuni jibu, kuna mtu pale nyuma keshalitafuta kwenye simu.

*Hakuna anayeuliza.* Uliza wewe: "Nani hapa ametafuta hati kwenye grupu wiki hii?" Kisha kaa kimya uhesabu hadi kumi. Ni kirefu, lakini kaa.

*Wamekuja watu sita kwenye ukumbi wa viti mia.* Shuka jukwaani, panga viti sita kwa duara, zima projekta. Wape akaunti zile nne kwenye simu zao, mmoja awe Dereva, mwingine Malipo. Waache wahamishe kontena wenyewe.